Karani Aliyevumbika Malimau

Haron Ogeto alipima majani chai ya watu katika kituo cha Ikonge kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu watu wakakataa kumrudishia jina lake. Waliendelea kumwita Karani. Ukiulizia nyumba ya Haron, watu watakutazama kana kwamba umekosea kaunti. Ukiulizia kwa Karani, hata mtoto wa chekechea atakuelekeza: panda kilima, pita kisima, tafuta nyumba yenye mlimau penye mlango wa jiko.

Mlimau huo, hata hivyo, haukuwa wake. Haron alikuwa na chai, ng'ombe wawili, na maoni kuhusu kila jambo. Mlimau ulikuwa wa mkewe, Damaris. Aliuleta ukiwa mche ndani ya kopo kuukuu la mafuta ya kupikia, akaupanda mahali pale pale ambapo Haron alikuwa amepanga kujenga banda la kuku. Haron alinung'unika wiki nzima, kisha akajenga banda kwingine. Hayo yalitokea miaka kumi na mitano iliyopita, na tangu hapo hajawahi kuumwagilia mti ule hata kikombe kimoja cha maji.

Alichofanya ni kunywa. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kituoni, na siku hizi kabla ya kwenda kuketi tu, alikuta mezani glasi ya maji moto yaliyokamuliwa limau. Aliinywa yote, akapiga ulimi, akasema, "Haya," basi akaondoka. Ungemuuliza ile glasi hutoka wapi, nadhani angekujibu kuwa hutoka mezani.

Malimau mengine Damaris aliyapeleka mjini Nyamira kwa Samsam. Samsam ana hoteli karibu na ofisi za kaunti, hoteli ya meza sita na harufu inayowatoa makarani ofisini kabla ya saa saba kugonga. Hapo wali na nyama ya mbuzi huletwa na ndizi pembeni na kipande cha limau juu, na asiyependa achari ya Samsam huambiwa wazi kwamba amekosea mlango. Kwa miaka kumi na mmoja achari hiyo ilitengenezwa kwa malimau ya Damaris peke yake. Alhamisi ikifika, kikapu kilifika. Hawakuwahi kuandikiana wala kukumbushana.

Mwaka huu Linet, binti yao aliyeolewa Nakuru, alijifungua mtoto wa kwanza. Damaris akafunga safari na ndizi, unga wa wimbi na mafungu ya mboga ya chinsaga ya kumtosha hata daktari aliyemzalisha, kwani kwa Mgusii mzazi ambaye hajala chinsaga bado hajamaliza kujifungua. Mizigo ilipokwisha kufungwa, akamgeukia mumewe.

"Baba Linet, yale malimau usiyaguse. Ya Samsam nitayachuma mwenyewe nikirudi."

"Mimi?" Haron akacheka. "Nimepima majani ya kijiji kizima miaka thelathini na mmoja. Limau ndilo litanishinda?"

Damaris akamtazama kama anavyotazama wingu wakati nguo zake ziko kwenye kamba.

"Tiga, Baba Linet," akasema kwa Kigusii chake. Yaani, achana nayo. Akapanda gari.

Haron angeachana nayo. Hilo nalisema kwa haki yake. Tatizo ni kwamba Damaris alisema atakaa wiki mbili, na wajukuu hawajali wiki mbili. Ya tatu ikaisha, ya nne ikaingia, na siku moja Haron akajikuta Nyamira amekwenda kunyolewa. Akapita kwa Samsam kunywa chai.

"Mzee Karani!" Samsam akamkaribisha. Yeye amezaliwa hapo hapo mjini, duka la nguo la marehemu baba yake Osman lilikuwa mtaa wa pili, na Kigusii chake kinawashinda wengi waliozaliwa nacho. Lakini biashara huifanya kwa Kiswahili. "Mama Linet anarudi lini? Binti yangu Deka anaolewa. Watu wanatoka Kisii, wanatoka Eldoret, wanatoka mpaka Garissa. Achari ya arusi inataka wiki tatu kwa chumvi na jua. Sasa malimau nitapata lini?"

Jibu sahihi lilikuwa kwamba hajui. Lakini Haron alikuwa amenyolewa vizuri, amekaa kwenye kiti cha mbele, na kulikuwa na wanaume wawili wa ofisi ya ardhi waliokuwa wanasikiliza.

"Alhamisi," akasema. "Alhamisi utakuwa nayo."

Alhamisi hiyo aliamka saa kumi na mbili kasoro, kama siku za kazi. Umande ulikuwa mzito hata suruali ikalowa mpaka magotini. Akavaa kikapu cha kuchumia chai mgongoni, akasimama mbele ya mlimau kama mtu anayeripoti kazini, kisha akaanza.

Sasa lazima uelewe alivyofikiri mtu huyu. Katika chai, kizuri ni kichanga. Majani mawili na chipukizi, basi. Jani likizidi siku zake linakuwa gumu, na karani mwenye kujiheshimu hulitoa kikapuni na kumrudishia mwenyewe huku akimtazama vibaya. Haron aliyatoa majani magumu kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa hiyo alipoona malimau ya kijani, madogo, magumu, yanayolingana, moyo wake ulifurahi. Akayachuma kwa mikono miwili, haraka haraka, akiyang'oa kwa kuyavuta, mvua ya umande ikimnyeshea kichwani. Na yale machache yaliyokuwa yamegeuka manjano aliyatazama kwa huzuni.

"Haya yamepitwa," akasema.

Jirani yake Edinah alikuwa anapita kwenda kuchuma chai yake. Akasimama. Akaangalia kikapu, akamwangalia mwenye kikapu.

"Karani, ni nini hiyo unafanya?"

"Unaona nini?"

"Naona malimau inachumwa kama chai."

"Chukua haya manjano," Haron akamwambia. "Yamekomaa mno, siwezi kumpelekea mtu. Labda utasugulia sufuria."

Edinah akafungua leso yake haraka. Akayapokea kwa leso, akayahesabu kwa macho, akashika njia yake kwa mwendo wa mtu anayeogopa kuitwa nyuma.

Kabla ya saa nne Haron alikuwa Nyamira. Samsam akachukua kisu, akachagua limau moja juu ya kikapu, akalikata. Kisu kiliingia kwa shida. Akalikamua. Akalikamua tena kwa mikono miwili. Likatoka tone moja, likaning'inia hapo, likakataa kuanguka.

"Mzee Karani," Samsam akasema polepole, "hii ni limau ama ni jiwe ya kusugua miguu?"

Haron hakutetereka hata kidogo. "Bado halijaiva tu. Ndizi mbona tunakata mbichi? Parachichi mbona tunachuma gumu? Nipe wiki moja."

Akarudi na kikapu chake. Akachukua gunia, akatandika majani makavu ya migomba, akapanga malimau kwa safu, akafunika kwa majani mengine, akafunga gunia na kuliweka nyuma ya jiko penye joto. Akayavumbika, kama mama yake alivyovumbika ndizi na mama wa mama yake kabla yake. Nani Kisii hajui kuvumbika? Kwa siku sita alilizunguka gunia lile kama kuku mwenye mayai. Siku ya saba akalifungua.

Yalikuwa manjano! Nusu yake yalikuwa manjano kabisa, na mengine yalikuwa njiani. Ni kweli kwamba ngozi ilikuwa imejaa madoa ya kahawia, kila mahali palipobanwa na vidole vyake siku ile ya umande, lakini nani hula ngozi? Haron aliimba njiani. Alipofika hotelini watu walikuwa wengi, na hilo lilimpendeza zaidi. Akaweka kikapu juu ya meza ya kati.

Samsam akakata la kwanza, kavu. Akakata la pili, nalo kavu. La tatu alimpa Haron mwenyewe alikamue, na Haron akalikamua mbele ya ofisi nzima ya ardhi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Rangi ilikuja, maji hayakuja. Limau likishatoka mtini limekwisha kunywa. Utalivumbika mpaka mwaka mwingine, litabadilisha nguo tu.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Samsam alimvuta kando, karibu na mlango wa jikoni. "Mzee, wewe ni kama baba kwangu, kwa hiyo nakuambia ukweli. Naweza kungoja mpaka Alhamisi ijayo. Ikipita hapo, achari haitafika arusi. Kuna mama mmoja soko ya Kisii ananiomba kila siku nichukue yake. Na unajua mimi. Nikianza na mtu, siachi. Hivyo ndivyo nilianza na Mama Linet."

Haron alirudi Ikonge bila kuimba. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu apite njia ya nyuma asikutane na jirani. Si kwamba wangelala njaa. Malimau hayakuwa yanawalisha. Lakini Damaris alikuwa amejenga kitu kwa miaka kumi na mmoja, kikapu kwa kikapu, bila kelele, na yeye alikuwa karibu kukibomoa kwa wiki mbili. Akilini alimwona akishuka garini, ameshiba furaha ya mjukuu, akiingia uani na kuukuta mlimau umenyonyolewa kama kuku wa sherehe. Wazo hilo lilimkosesha hamu ya chakula, na Haron si mtu wa kukosa hamu ya chakula.

Jioni simu ikalia.

"Baba Linet, hujambo? Mtoto ameanza kucheka." Damaris akasimulia habari za mtoto mpaka zikaisha. Kisha akauliza, "Na malimau?"

"Hayajambo."

"Hujayagusa?"

"Hata moja," akasema Haron, mzee wa kanisa.

Kukawa kimya kidogo upande wa Nakuru. "Vizuri," Damaris akasema. "Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo."

Asubuhi yake hakuamka mapema. Kuna haja gani? Alitoka nje saa nne, jua limeshapanda na umande umekauka, akamkuta Edinah ukingoni mwa shamba na jagi mkononi.

"Karani, nimekuja kuomba ile ingine imepitwa," Edinah akasema. "Ile ulinipa, matano tu, ilijaza hii jagi. Watoto walikunywa mpaka wakagombana. Kama uko na ingine mbaya hivyo, nisaidie."

Haron alimkodolea macho. Kisha akageuka akaenda kusimama chini ya mlimau. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitano akautazama kama mtu anayetazama mti, si kama mtu anayetazama mahali palipokosa banda la kuku. Ulikuwa na maua. Ulikuwa na vitunda vidogo kama shanga. Na ndani kabisa, kwenye matawi ambayo mikono yake ya haraka haikufika, ulikuwa na malimau ya kila umri, yote kwa pamoja. Kumbe mti huu haukuwa na zamu ya kuchumwa. Chai huichuma shamba zima, ukangoja siku kumi na nne, ukarudi. Huu ulikuwa kama ukoo, kuna anayezaliwa na kuna aliye tayari, na ni lazima umjue kila mmoja.

Akanyoosha mkono, akaweka kiganja chini ya limau moja, akaliinua bila kulichuma. Akafanya vivyo hivyo kwa la pili, lenye ukubwa ule ule. Akarudi kwa la kwanza, akarudi tena kwa la pili.

La pili lilikuwa zito zaidi.

Kuna jambo moja kuhusu Haron ambalo kituo kizima kilijua. Mizani ilikuwepo kwa ajili ya sheria tu. Mama akimkabidhi kikapu, alikuwa ameshajua uzito kabla mshale haujatulia. Kuna siku mizani iliharibika na wakapima kwa mkono wake mpaka saa sita, na mafundi walipokuja kuitengeneza haikumpinga hata mara moja. Mkono huo alidhani ameustaafisha.

Akachuma yote mawili, akayakata juu ya kizingiti cha jiko. Lile jepesi lilikuwa kavu kama yale ya gunia. Lile zito lilimrukia usoni.

"Edinah!" akapiga kelele, jicho moja limefumba kwa uchachu. "Edinah, njoo uone!"

Edinah alikuja mbio akidhani ameumwa na nyoka.

Tangu hapo kazi ilikuwa kama mazungumzo. Mkono ulimwambia lipi zito, na macho yakaanza kuona kile mkono unachosema: kwamba yaliyo mazito ngozi yake imelainika na kung'aa, hayana tena mikunjo ya ujana, kwamba kijani kimeanza kulegea na manjano kuingia kutoka chini, kwamba ukibonyeza kwa kidole gumba linakubali kidogo, halafu linakurudisha. Alipotaka kuvuta, akakumbuka yale madoa, akaingia jikoni kutafuta kisu. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, ulining'inia mkasi mdogo uliofungwa uzi mwekundu. Alikuwa ameuona mkasi ule miaka yote akidhani ni wa kushonea. Akaunusa. Ulinuka malimau.

Kwa siku tano alichuma hivyo, kati ya saa nne umande unapokauka na saa nane mvua ya Ikonge inapoanza, limau moja moja, akiacha kikonyo kifupi juu ya kila moja. Yaliyokuwa bado aliyaacha, hata yalipomsihi. Kufikia Alhamisi alikuwa na nusu kikapu. Mti haukuwa na zaidi ya kumpa. Mengine yalikuwa ndani ya gunia lile la aibu.

Samsam alikata la kwanza. Maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akakata la pili. Akalamba kidole, akafumba macho.

"Ni nusu tu," Haron akasema, kama kijana aliyekwenda kuposa. "Nusu kikapu, Samsam. Sikuweza zaidi."

"Wageni watakula kidogo kidogo. Ya kwako imefika, Mzee Karani. Yule mama wa Kisii ataendelea kungoja." Samsam akafuta mikono, akachukua simu. "Wacha nimwambie Mama Linet."

"Umwambie nini?"

"Kwamba umeweza. Ananiuliza kila siku tangu ile Alhamisi ya kwanza. Mimi nilitaka kuhamia kwa huyo mama hiyo siku ya pili, mbele ya watu. Yeye ndiye alikuwa ameniambia, ukikosea tena nikupe wiki moja ingine."

Haron akatafuta kiti. Akaanza kupiga hesabu ya siku, akafika ile jioni ya simu, akafika "hata moja," akafika kile kimya kidogo cha upande wa Nakuru. Akainamisha kichwa chake kilichonyolewa.

Jumamosi Damaris alishuka na picha mia mbili za mjukuu ndani ya simu. Kabla ya kuingia nyumbani aliuzunguka mlimau polepole. Akagusa tawi lililonyonyolewa. Akagusa kikonyo kilichokatwa vizuri. Akachungulia nyuma ya mlango wa jiko, akaona mkasi umerudishwa msumarini.

"Mama Linet," Haron akasema nyuma yake, "niliyagusa."

"Najua."

"Ulijua ukanyamaza? Si ungenieleza tu kwa simu?"

"Nikueleze wewe?" Damaris akageuka, mikono kiunoni, na hakuwa amekasirika. "Ungenisikiliza? Ungenifundisha, Baba Linet. Ungenifundisha malimau kwa simu, na mimi niko na mtoto mgongoni. Miaka kumi na mitano hujaniuliza hata siku moja."

Haron alitaka kubisha. Akatafuta siku moja, hata nusu siku, ambayo aliwahi kuuliza. Hakuipata.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Umande wa asubuhi hauruhusu kuchuma, kwa hiyo limau alikuwa amelichuma jana yake mchana, la pekee lililokuwa limefika tayari tangu Alhamisi, na alikuwa amelipima kiganjani mara nne. Damaris alipotoka chumbani akifunga kitambaa cha kanisani, alikuta mezani glasi ya maji moto yenye limau. Upande wake wa meza. Mumewe alikuwa amesimama kando akijifanya anatafuta Biblia iliyokuwa mbele yake.

Damaris akaketi. Akainywa yote, bila haraka, mpaka chini. Akapiga ulimi.

"Haya," akasema.

Haron akasubiri neno la pili. Akasubiri sana. Damaris aliweka glasi chini, akamtazama alivyosimama pale na macho yake ya kuomba, na akaendelea kumtazama mpaka alipoona kwamba ameitambua hiyo "Haya" yake mwenyewe.

Walichelewa kanisani kwa kucheka.